Kaenda Maji

Mtandao Newala unashika nyuma ya ghala la chama,
pale wanapopimia korosho,
basi hapo ndipo tulipomkalisha Mfaume
juu ya gunia tupu,
mimi kulia, nesi Sikudhani kushoto,
tableti ya zahanati kaishika kwa mikono miwili
kama aliyebeba sahani ya uji wa moto.

Daktari akatokea, yuko Dodoma.
Kwanza paji la uso, kisha miwani,
kisha sauti, imeachwa nyuma na mdomo
kama mtoto aliyetumwa dukani hataki.
"Mfaume, hujambo?"
Mfaume akachungulia nyuma ya tableti
kutafuta kiwiliwili.

Nilikuwa nimeandika kwenye daftari nisisahau:
Miaka thelathini na minne.
Akili, walisema shuleni, ya mtoto wa miaka mitano.
Tangu mwezi wa tano anajipiga kichwa ukutani.
Halali. Kamng'ata shemeji.
Vidonge viwili usiku, vikaongezwa vikawa vitatu.
Udenda. Anatembea kama anavuka tope.
Fundi mmoja kasema ni jini la kike.
Nikasoma yote kwa mkupuo,
karani mbele ya mizani.

Maana sisi tumezaliwa ndani ya korosho,
kupanga tunajua: hii daraja la kwanza, hii andagredi.
Kijiji kilishampanga zamani.
Hata mimi, Mungu anisamehe, tumbo moja naye,
nilishamfungia gunia lake.

Daktari hakuandika kitu.
Picha ikaganda, kinywa wazi.
Tukangoja, kunguru wakitembea juu ya bati.
Ikarudi na swali:
"Nani alikuwa anamlisha?"
Mama.
"Mama yuko wapi?"

Hata wapimaji wakanyamaza.
Sikudhani akanitazama. Mimi nikatazama vidole vyangu,
vilivyobabuka kwa mafuta ya maganda.
Mfaume ndiye aliyejibu,
kwa maneno yake yale yanayotoka nusu nusu:
"Kaenda maji."

Kaenda maji.
Siku tuliyomzika mama, Mfaume tulimpeleka kwa jirani,
tukampa vidonge alale, asituharibie mazishi.
"Huyu ataelewa nini?" nilisema. Kwa mdomo huu.
Na tangu siku hiyo, kila alfajiri,
anakaa kizingitini na kata mkononi
akitazama njia ya bondeni.
Miezi mitano.
Ni foleni ndefu, hata kwa maji ya Newala.

"Hajawahi kuambiwa?"
Sauti ilichelewa kufika,
au niliyechelewa ni mimi.
Daktari akavua miwani.
Akasema vidonge tuvipunguze, taratibu, wiki kwa wiki,
na hili jingine halina kidonge:
mpelekeni akaone.
Mwambieni amekufa. Msiseme amelala,
atangoja aamke. Msiseme kasafiri,
atangoj—
Bando likaisha.

Tulikwenda Ijumaa. Hakulia.
Alilizunguka kaburi mara mbili, akagusa udongo,
akauliza, "Humu?"
Nikasema, humu.
"Maji hamna?"
Nikasema, hamna.

Kesho yake kabeba ndoo peke yake, nusu imemwagika njiani,
iliyobaki kaimimina yote pale,
ya kupikia, ya kuogea, ya siku nzima.
Nilifungua mdomo nimkaripie,
ndoo moja ni shilingi mia tano.
Nikaufunga.

Bado anajipiga, usiku mmoja mmoja.
Kizingitini hakai tena, lakini kata hataki kuiachia.
Alhamisi tuna daktari, kulekule nyuma ya ghala.
Mfaume kashachagua bibo la kumpelekea,
jekundu, limeiva, halina doa,
na tangu jana ananiuliza
litapitia wapi.